Ngozi ya Ndama wa Gaju

Mwanangu Bizimana,

Leo mchana uliponiita kutoka zizini sikuitika. Uliita tena, labda ukidhani upepo umeichukua sauti yako. Nilikusikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na kibuyu mkononi, na nilipotoka nikakwambia, mbele ya Nyogokuru, bibi yetu, na baba mdogo Kabera, kwamba nisiitwe Mama tena, kwamba mimi ni dada yako Agata tu, na kwamba nimechoka kukubeba. Hukulia. Ulinitazama kama ndama anavyomtazama mtu aliyemfungia lango, kisha ukarudi kukaa na ndama mpaka giza likaingia.

Maneno yale hayakuwa yangu. Nilipewa niyaseme, nikayasema, na usiku huu ninayarudisha kwa wenyewe. Unanijua: mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Hata kanisani, wimbo nilioupenda nauimbia ndani ya kikwembe, kitenge nilichojifunga. Lakini kwenye karatasi hakuna anayenitazama, na kwenye karatasi mimi si muoga. Alfajiri nitakuamsha kabla ya wengine, nikupe barua hii uisome kule kwa ndama, polepole, kwa kidole, kama nilivyokufundisha kwa makaa juu ya mlango. Usiogope urefu wake. Nimeandika kwa Kiswahili chote, sikuchanganya Kifaransa cha masista ila pale nilipolazimika.

Sitakuandikia mambo ya kunawa, kusali, wala kusalimia wakubwa. Hayo baba mdogo atakwambia njia nzima mpaka Walikale, na ukifika Papa, baba yetu, atakwambia tena. Mimi nataka kukwambia yale ambayo hakuna mwingine atakayekwambia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo, au aliyekuwepo ameamua kunyamaza.

Kwanza, kwa nini unakwenda. Walikuficha, mimi sikufichi. Papa ana mke huko kwenye migodi, wanamwita Mama Petro. Alikuja kwake akiwa mjane, na mtoto wake wa kiume, Petro, rika lako. Mvua zilizopita Petro alishikwa na homa akafa. Tangu hapo Mama Petro hali vizuri, hasemi, anakaa mlangoni. Ndipo Papa alipokumbuka kwamba yeye pia ana mtoto wa kiume kwenye milima ya Masisi. Baba mdogo Kabera alipokwenda kumsalimu akarudi na habari hiyo, na shati. Lile shati la mistari ya bluu ulilojaribu jana, ukafurahi kwamba limekukaa sawasawa, ni la Petro. Wanataka ufike ukiwa umelivaa.

Nilipoliona nilijua mara moja ni kitu gani. Wewe umekua zizini, nawe ungejua kama ungeambiwa. Ile ni ngozi ya ndama.

Acha nikueleze ya ng'ombe wetu Gaju, kwa sababu habari ya ngozi inaanzia kwake, na inaanzia kwako.

Ulizaliwa wakati wa kuvuna mutama. Mimi nilikuwa na umri ulio nao wewe leo. Fikiria hilo kidogo: jioni ile ulipowekwa mapajani mwangu nilikuwa mdogo kama wewe ulivyo sasa, na meno yangu ya mbele yalikuwa bado yanagombana nafasi. Mama alikuwa amekuzaa vizuri. Kilichomuua hakikuwa wewe. Mwaka jana, tulipomsaidia yule mtamba mweusi kuzaa, ukaona kwato mbili za mbele, kisha pua imelala juu ya kwato, kisha mwili wote ukateleza, ulingoja mpaka jioni, ndipo ukaniuliza: "Mama alikufa kwa sababu yangu?" Nikakwambia nenda ukachote maji. Nisamehe. Jibu lilikuwa tayari, woga wangu ndio uliolizuia. Jibu ni hapana. Uliona jinsi tulivyongojea baada ya ndama kutoka, tukingojea kondo la nyuma lianguke, na jinsi baba mdogo alivyokataa kwenda kula kabla hajaliona. Kwa Mama kondo lilibaki ndani, damu ikamtoka, na hospitali ilikuwa mbali, na mvua. Ndama haui ng'ombe kwa kuzaliwa. Akija mtu kukwambia vinginevyo huko uendako, hata kwa mzaha, hata kwa wimbo, mwambie umeshaona ng'ombe wengi wakizaa kuliko yeye.

Basi, nyumba ikajaa waombolezaji. Nyogokuru, ingawa amebatizwa, alitaka mila ya kilio ifuatwe: fahali akatengwa na majike, mashamba yakalala. Wanaume walikaa na Papa nje kwenye moto. Wewe ulilia ndani. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu jirani mwenye titi, Mama Bahati, wa wale Wahunde wa shamba la maharage chini yetu. Alikuwa ananyonyesha Bahati wake. Alikuja asubuhi na jioni, akakaa mlangoni, akakupa titi la kushoto, la kulia akamwachia mwanawe. Kati ya asubuhi na jioni ulilia.

Na Gaju akazaa wakati uleule, nyuma ya nyumba, peke yake, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye msiba. Ndama jike, rangi ya mama yake. Mimi ndiye niliyemkuta anajaribu kusimama, na Gaju anamlamba kwa ule ulimi wa nguvu, anamwangusha, anamlamba tena.

Unajua kwetu msichana haketi chini ya ng'ombe. Kukama ni kazi ya wanaume na wavulana. Mwanamke anapokea chombo, anatunza, anatikisa siagi, lakini kiwele hakigusi. Mimi niligusa. Hakuna aliyeniona. Nilikunja jani la mgomba, nikachuchumaa, nikakama kama nilivyomwona Papa akikama, na Gaju akaniachia kwa kuwa mtoto wake alikuwa mbele yake. Maziwa yalitoka mazito, ya manjano kama kiini cha yai. Yale tunayoita umuhondo. Nilikulisha kwa kidole. Ulinyonya kidole changu mpaka nikahisi fizi zako kwenye mfupa, kisha ukalala, na katika nyumba ile yenye kilio pakawa na kimya kimoja, na kimya hicho nilikifanya mimi. Sikuwahi kufanya kitu kikubwa hivyo maishani mwangu. Nikarudi jioni. Nikarudi kesho yake. Nilikama yote, mpaka chuchu zikalegea, kwa sababu nilifikiri ndama ana siku nyingi za kunyonya na wewe una usiku huu tu.

Ndama akaanza kuharisha. Masikio yakaanguka. Siku ya tatu hakuweza kusimama, na kabla matanga hayajaisha akafa.

Sikujua. Naliandika hili si kwa kujitetea, naliandika kwa kuwa ni kweli. Nilijua maziwa ni maziwa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana lile la kwanza lilikuwa ujinga tu. Baba mdogo Kabera alipomkuta ndama amekufa alitafuta sababu, kama watu wanavyotafuta. Nyogokuru akasema Mama Bahati alipita kati ya ng'ombe na ndama wake akiwa ananyonyesha mtoto wa msiba, na kwamba jicho lake lilikuwa kwenye kiwele. Mama Bahati akaambiwa asikanyage tena uani. Alisimama pale kwenye ua, na Bahati mgongoni, na maziwa yako yamelowesha nguo yake, kwa sababu saa yako ya kunyonya ilikuwa imefika. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimekushika. Ningeweza kusema neno moja. Nikatazama vidole vyangu vya miguu mpaka akaondoka.

Kwa hiyo ulipoteza titi la Mama, halafu kwa kimya changu ukapoteza na titi la Mama Bahati. Ndiyo maana ninapoona ulimi wangu unataka kulala, kama ulivyolala leo mchana, naogopa. Naujua unakolalia.

Ukabaki na Gaju. Lakini Gaju naye akakataa. Ng'ombe aliyefiwa hashushi maziwa. Kiwele kinajaa, kinauma, lakini yeye anayazuia huko ndani na hakuna mkono utakaoyatoa. Baba mdogo alijaribu akapigwa teke. Ndipo alipofanya kile wafugaji wote wa huku wanachokifanya. Alimchuna yule ndama mdogo, akaipaka ngozi chumvi na majivu, akaikausha juani, na alipokwenda kukama akaiweka mbele ya Gaju. Gaju akanusa. Akanusa tena, sana, kuanzia shingo mpaka mkia. Kisha akaanza kulamba, na maziwa yakashuka.

Nililia siku ile kuliko siku ya kumzika Mama. Watu wakasema mtoto ameanza kuelewa msiba. Kweli, nilikuwa naelewa. Nilikuwa namwona Gaju akilamba mtoto wake aliye mtupu ndani, na mimi nimeshika chombo, nangojea maziwa yako.

Nami nikafanya kama Kabera. Nilichukua kikwembe cha Mama, kile cha majani mekundu, alichokuwa amekivaa kabla hujazaliwa, na nikakataa kisifuliwe. Nyogokuru alisema kinanuka. Nikasema ndiyo. Nilikifunga kifuani kila nilipokulisha, kikawa kinaburuta chini kwa kuwa nilikuwa mfupi, na wavulana wa hapa kwetu Nyamitaba wakanicheka, wakaniita bibi arusi wa ng'ombe. Wewe uliposikia harufu ile ulinyamaza. Kila mtu akaniona mtoto anayecheza kuwa mama. Mimi sikuwa nacheza.

Baadaye kaka mmoja wa kule Karuba akapoteza ng'ombe, akabaki na ndama yatima wa kiume. Baba mdogo akasema Gaju ana maziwa, aletwe. Wakamfunga ile ngozi mgongoni, kwa kamba shingoni na tumboni, akawa kama mtu aliyevaa koti la marehemu. Gaju aliinusa ngozi, akamkubali. Akamnyonyesha upande mmoja, na upande mwingine ukawa wako. Siku nyingi zikawa hivyo.

Kisha ikanyesha ile mvua ya mawe. Tulipotoka, ngozi ilikuwa imelowa, imeoza pembeni, kamba imekatika. Imeanguka matopeni. Yule ndama amesimama wazi na rangi yake mwenyewe, nyeupe na madoa, si rangi ya Gaju hata kidogo. Baba mdogo akashika fimbo kwa sababu alijua teke linakuja. Gaju akainamisha kichwa. Akainusa ngozi pale chini. Akamnusa ndama. Akaiacha ngozi akaendelea kulamba ndama.

Baba mdogo akacheka, akasema ng'ombe ni mjinga, haoni hata rangi. Mimi nilikuwa karibu kuliko yeye, Bizi. Gaju aliona. Nadhani aliona tangu zamani. Ngozi ilifungua mlango tu. Kilichomfanya ndama awe wake ni kulamba, asubuhi na jioni, siku juu ya siku. Huwezi kumlamba kiumbe siku zote hizo halafu ukamwambia hujamzaa.

Ndiyo hivyo mimi nawe. Kikwembe cha Mama kilipasuka ulipoanza kutambaa, nikakifanya vitambaa vya kukusafishia, na hata hukugeuka kukitafuta. Ulinitafuta mimi.

Ulipokuwa umeanza kusema, Nyogokuru alikubali akuangalie asubuhi, nikarudi shule ya masista. Tulisoma kwa Kiswahili, kisha wakatuingiza Kifaransa. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu darasani na sikuinua mkono hata siku moja, lakini nilisikia kila kitu. Sista alichora chura ubaoni: mayai kwenye utelezi, kiluwiluwi, miguu ya nyuma, miguu ya mbele. Wewe uliyaona hayo yote mwenyewe baadaye, kwenye kile kidimbwi chini ya mikaratusi, nilipokupeleka kila Jumapili uangalie. Unakumbuka ulivyoniuliza ni nani anayewakata mkia? Ulikasirika kabisa, ulitaka kumjua. Nikakwambia haukatwi. Miguu ikitoka, mkia unaanza kupungua, mwili wenyewe unaunyonya polepole mpaka umekwisha, na chura hajui ni siku gani alikuwa hana mkia tena. Liweke hilo moyoni, nitalirudia.

Kwenye kitabu cha Sista kulikuwa na kurasa zimebanwa kwa pini. Sura ya wanyama wanaonyonyesha. Alitwambia ng'ombe ni *mammifère*, tukaimba neno hilo kama wimbo, kisha akaruka mpaka kwenye ndege. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia darasa. Siku moja nilitoa pini. Najua ni dhambi ndogo, niliipeleka kwenye maungamo, lakini nilisoma kwanza. Nikakuta mimba ya ng'ombe, miezi tisa kama ya mwanamke, na picha ya ndama aliyejikunja ndani ya mama yake, pua kwenye magoti. Nikakuta *colostrum*. Kitabu kilisema maziwa ya kwanza, ya manjano, ndama asipoyapata saa zake za mwanzo anabaki bila kinga, na ugonjwa wowote unaweza kumuua.

Nilikaa chini na ufagio. Mimi binti wa wafugaji nilijifunza jina la kosa langu kwa Kifaransa, kwenye ukurasa uliobanwa. Na nikakasirika, mwanangu. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira. Nyumbani kila mtu alijua umuhondo ni wa ndama, lakini hawakuniambia kwa nini, kwa kuwa mimi ni msichana na kiwele si changu. Shuleni walijua kwa nini, lakini wakabana kwa pini, kwa kuwa mimi ni msichana na mambo ya kuzaa si ya kusomwa. Katikati ya hao wote, ndama akafa na mwanamke akafukuzwa. Siku ile ndipo nilipoapa kwamba wewe hutadanganywa. Ulipoambiwa watoto wananunuliwa misheni, nikakwambia wanatoka wapi, kwa ng'ombe, kwa mbuzi, kwa watu. Nyogokuru alinifukuza jikoni kwa hilo. Angenifukuza tena, ningekwambia tena.

Kutoka shuleni siku ile sikufika nyumbani. Nilishuka mpaka kwa Mama Bahati. Alikuwa anapura maharage. Miaka ilikuwa imepita na tulikuwa tunasalimiana kwa mbali tu, kanisani. Nilisimama pembeni. Yeye akaendelea kupura. Mwishowe nikayatoa yote kwa pumzi moja: umuhondo, jani la mgomba, ndama, ua.

Akaweka fimbo chini. Akasema, "Mutoto, mimi nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Mara ya mwisho nilipokuja kumupatia titi, midomo yake ilikuwa na manjano. Titi yangu haina manjano. Nikaangalia vidole vyako."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, pale uani, walipomfukuza.

"Ningesema, wangekupiga weye. Wangekunyanganya mutoto. Na yeye angebakia na nani? Mimi niko na wangu." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Kwenda kwangu hakukuniua. Ulikuwa muroho mudogo mwenye kuiba maziwa, lakini ulikuwa njo mama mwenye alikuwa pale."

Sikiliza vizuri neno hilo. Mtu wa kwanza kuniita mama hakuwa wewe. Alikuwa ni yule niliyemkosea kuliko wote. Jioni ileile nilipanda nikawaambia Nyogokuru na baba mdogo ukweli. Nilisema nimeshika nguzo. Kesho yake Nyogokuru alishuka mwenyewe na chombo cha maziwa yaliyoganda, akakiweka mlangoni kwa Mama Bahati, akarudi bila kuongea. Ndivyo anavyoomba radhi. Usimhesabu kuwa mbaya kwa yale ya leo.

Maana maneno ya leo ni yake. Asubuhi aliniita nyuma ya nyumba. Akasema ndama haachishwi kwa maneno matamu: unampaka mama mavi kwenye chuchu, au unamfunga ndama miiba puani ili akija kunyonya amchome mama yake, mama ampige teke, yaishe. Akasema yeye mwenyewe alijipaka pilipili akawaachisha watoto wote, na wote wamekua. "Jipake uchungu leo," akasema. "Akilia leo, kesho atapenda kule." Na baba mdogo Kabera, aliyekuwa anafunga mzigo, akaongeza lake:

"Asikuite tena Mama mbele ya watu. Uko dada yake. Muchumba gani atakuja hapa, akute musichana na mutoto mukubwa hivi anamuita Mama? Kule iko mama mwingine anamungojea. Kata."

Kata. Nikaitika ndiyo. Nilijipaka, nikatoka mlangoni nikiwa mchungu, nawe ukaja ukanyonya ule uchungu, na nikauona uso wako.

Mimi nasema sikati. Nimelala juu ya neno hilo tangu jua kuzama na sasa nimeliamkia: sikati. Nyogokuru anajua kuachisha, lakini kidimbwi kinajua zaidi. Mkia haukatwi. Ukienda Walikale, kwenye ule msitu ambako hakuna ng'ombe hata mmoja, miguu yako itatoka. Utajifunza kuvuka mito, kupanda miti, kula vitu ambavyo hapa tungevitupa. Kama jina hili la Mama unaloniita ni mkia, litapungua lenyewe, na hutajua limekwisha siku gani, na mimi sitakudai. Kama si mkia, bali ni mguu, basi hakuna kisu kitakachoniweza mimi wala wewe. Lakini kukata, hapana. Hata wakinitafutia muchumba wa dunia nzima, akija nitamwambia nimelea mtoto, yuko Walikale, anakula vizuri. Asiyetaka arudi na njia aliyojia.

Sasa shati. Nilitaka kulichoma. Nilikuwa tayari nimelishika juu ya makaa, hata kifungo kimoja kimepata moshi, utakiona. Kisha nikamkumbuka Gaju akinusa kuanzia shingo mpaka mkia. Yule mwanamke aliyekaa mlangoni hajanifanyia ubaya wowote. Kiwele chake kimejaa na kinamuuma, na hakuna anayejua kumkama.

Kwa hiyo livae. Fika ukiwa umelivaa. Akikunusa, simama. Akilia juu ya kola, simama tu, usikimbie, usijisikie mwizi. Akikosea akakuita Petro siku za mwanzo, itika. Lakini akishatulia mwambie jina lako, wewe mwenyewe, kwa sauti: Bizimana, wa Nyamitaba. Usingoje shati lioze ndipo ujulikane rangi yako. Na siku litakapopasuka, maana litapasuka, wewe unakua haraka na vile vifungo ni vibovu, mwangalie. Akiiacha nguo chini akaendelea na wewe, basi huyo ni mama yako, mwite hivyo na moyo wako wote. Mimi sitapungukiwa. Wewe ulinyonya kwa Mama Bahati, kwa Gaju, na kidole changu. Hujawahi kuwa mtoto wa titi moja. Asikudanganye mtu kwamba ni lazima uchague.

Na kama akiikumbatia nguo na kukuacha wewe baridini, niandikie. Unajua kuandika. Nitakuja kwa miguu yangu, mimi nisiyeweza kuomba chumvi kwa jirani, nitafika mbele ya Papa na wenzake wote wa mgodini na nitasema nimekuja kumchukua mwanangu.

Jogoo wa Mama Bahati ameanza kuwika kule chini. Umelala ubavuni kwangu sasa hivi, umenipa mgongo bado, na mguu mmoja umeurusha juu yangu bila kujua, kama kawaida yako. Ndama wa mtamba mweusi anaita mama yake, na mama anamjibu kutoka ng'ambo ya ua. Hajali nani anasikia.

Tutakusindikiza sote mpaka kwenye kijito, pale kwenye mikaratusi. Nyogokuru atakuwa amesimama kushoto kwangu, anatazama mdomo wangu. Baba mdogo atataka kuvuka haraka. Watakuwepo na wa kutoka kanisani. Wewe vuka kwanza. Ukishafika ng'ambo, geuka, uniite. Niite kwa lile jina, kwa nguvu, ulivyoita mchana kutoka zizini.

Nitaitika.

Mama yako,
Agata